Siku Baba Alipochagua Tindo

Mwezi uliopita mwanangu aliamua kubandika vigae jikoni, akaleta fundi mwenye mashine ya umeme. Mashine ile hukata huku ikimwagiwa maji. Mimi nilikuwa nimekaa ukumbini nachambua mchele, harufu ikanifikia: harufu ya udongo uliochomwa kisha ukaloweshwa, kama chungu kipya kinapotiwa maji kwa mara ya kwanza. Mikono yangu ikasimama juu ya ungo. Mkwe wangu akauliza, "Mama, vumbi linakusumbua?" Nikamwambia ndiyo, linanisumbua. Akaja akafunga mlango. Hata hapo, kwa umri huu, nilisema uongo, na uongo huo mdogo ndio ulionifanya niketi niandike juu ya ule mwingine.

Ninyi wa rika langu mtakumbuka jinsi Shinyanga ilivyokuwa reli ilipokuwa ingali mpya. Baba yangu alikuwa mshoni. Alizaliwa Bagamoyo, akaja bara akiwa kijana, kwa treni mpaka Tabora, na kutoka hapo kwa miguu kwa sababu reli ya kwetu ilikuwa haijajengwa, cherehani yake ikiwa kichwani mwa mpagazi. Akamwoa mama yangu, Msukuma wa upande wa Tinde, akajenga nyumba ya udongo yenye bati na baraza mbele. Pale barazani ndipo aliposhonea. Wanaume waliokuwa wakielekea Geita kwenye dhahabu walipita kwetu kushonewa kaptula za kaki, nao walitaka mifuko mirefu. Mimi niliamini mifuko ile ilikuwa ya kutilia dhahabu, na kila aliyerudi nilimtazama mapaja kabla ya kumtazama uso.

Mwaka ninaousimulia, Babu wa Tinde, baba yake Mama, alifariki, mvua zikagoma, na Mama akamleta Bibi akae nasi. Bibi alikuwa mfinyanzi. Alikuja na kitita cha nguo na mawe mawili ya kulainishia vyungu tu. Hakujua Kiswahili hata neno. Alikaa ua wa nyuma, na barazani hakufika kabisa, kwa kuwa kwa mila yao mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemezani ana kwa ana. Baba akitaka kumsalimu, alimtuma Mama au alinituma mimi. Bibi akitaka kujibu, alinituma mimi nirudi. Nilikuwa na miaka tisa hivi, nikizisema lugha zote mbili bila kufikiri.

Moja niliipenda, nyingine niliionea haya. Chuoni, tulipokuwa tukisoma Kurani, nilikaa karibu na msichana aitwaye Rukia. Baba yake, Bwana Athumani, alikuwa na duka la sururu, makarai na vyuma vya kila namna, na wachimbaji wote wa Geita walinunua kwake. Rukia alivaa vipuli vya dhahabu na viatu. Watu wa vijijini aliwaita washenzi, akilitamka neno hilo polepole kama anayemung'unya halua. Siku moja aliniuliza, "Eti kwenu mnasema Kisukuma?" Nikamjibu, "Mama tu, akiwa na wauza maziwa." Tangu hapo nikawa na hofu asije akanisikia na Bibi.

Vigae vililetwa na Mzungu mmoja wa kiwanda cha kuchambulia pamba. Alikuwa anahama, nyumba yake inabomolewa, na Baba aliwahi kumshonea mke wake mapazia yakampendeza. Basi akampa masanduku mawili ya vigae, vyeupe vyenye maua ya bluu, vinavyong'aa hata ukavitazama ukajiona. Mjini kwetu hapakuwa na baraza yenye vigae. Baba alisema nguo za watu zimechoka kuanguka kwenye vumbi. Nadhani pia alitaka wapitao wasimame.

Alivipanga mwenyewe, kwa uzi na kipimo chake cha ushoni, na kila kitu kilikwenda sawa mpaka alipofika ukutani. Kwenye ukuta na kuzunguka nguzo ilibaki nafasi ya kiganja kimoja, na kigae kizima hakikuingia. Ilibidi kukata. Na vigae vilivyobaki vilikuwa vya kutosha tu. Kila kitakachovunjika vibaya kingeacha shimo.

"Kila kitambaa na mkasi wake," Baba alisema. Akaenda kwa Bwana Athumani kuazima vifaa, na mchana wa siku ya pili Bwana Athumani akaja mwenyewe navyo, amemshika Rukia mkono. Mama alikuwa ameondoka kwenda kumpa pole jirani aliyefiwa, ila alikuwa amekwisha pika wali na kuku kwa ajili ya wageni. Nikatandika mkeka. Rukia akaketi, akakunja miguu yake yenye viatu kando ya mkeka, na mimi nikaona fahari ambayo siwezi kuieleza.

Baba alitandaza kitambaa, akapanga vifaa juu yake kama mikasi: msumeno wa chuma, kalamu ya kukatia kioo, koleo ya kung'olea misumari, na tindo na nyundo yake. Akaanza na msumeno. Ulilia juu ya kigae kama paka, meno yakaisha, kigae hakikupata hata mkwaruzo wa maana. Akachukua kalamu ya kioo, akavuta mstari mzuri, akakiweka kigae kwenye ukingo wa ngazi, akakikandamiza. Kikavunjika, lakini kwa njia yake chenyewe, kona hadi kona. Koleo ikamega vipande kama panya anayetafuna muhogo. Vigae vitatu vilikuwa vimekwisha kufa.

"Fundi, unakibembeleza," Bwana Athumani alisema, akicheka. "Kigae ni jiwe hicho, na dawa ya jiwe ni tindo. Wale wa Geita wanapasulia miamba."

Baba akalishika tindo. Pigo la kwanza lilikata kigae vizuri, pengine kwa bahati. Bwana Athumani akapiga makofi. Pigo la pili, kipande kikaruka, kikaipita pembe ya nyumba mpaka uani.

Ndipo Bibi alipotokea. Kipande kile, nadhani, kilimwangukia karibu. Alikuja mpaka pembeni mwa nyumba, akasimama hapo pasipo kuivuka pembe, uso ameugeuzia ukutani kwa adabu ya ukwe. Alikuwa amejifunga kaniki iliyochakaa, na mikono yake ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Hakuwahi kuja mbele kiasi hicho. Akaniita kwa Kisukuma, kwa sauti.

"Mwambie baba yako hicho si jiwe, ni chungu," alisema. "Chungu kikavu ukikigonga kinatema. Akilaze kwanza kwenye minzi mpaka kiache kutoa mapovu. Achore mstari kwa jiwe jeupe, upande huu na upande huu, akivunjie juu ya kijiti kwa mikono, kisha asugue. Na mwambie asikiinamie na uso wake. Mwambie sasa hivi."

Minzi ni maji. Nilielewa kila neno. Nilikuwa nimemwona mara nyingi akichukua chungu kilichopasuka mdomo, akakilowesha, akakichora, akakivunja akapata bakuli la kunyweshea kuku, mviringo kama lililofinyangwa hivyo. Alikuwa anasema jambo analolijua kuliko mtu yeyote pale.

Lakini Rukia alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

"Huyo nani?" aliuliza. "Anasemaje?"

Na Baba naye, akiwa ameinamisha macho chini kwa adabu ya ukwe, akauliza, "Bibi yako anasemaje?"

Ningesema nini? Kwamba mwanamke wa udongo aliyesimama pale anamfundisha kazi Bwana Athumani mwenye duka? Kwamba nimeyaelewa yote hayo marefu katika lugha niliyoikana? Nilitafuta neno fupi la kumwondoa.

"Anasema ana njaa," nikajibu.

Bwana Athumani alicheka mpaka akaegemea nguzo. "Lahaula! Fundi, mkwe anashinda njaa nyumbani kwako? Mpeni mama wa watu ale!"

Uso wa Baba uliiva. "Mpe wali," aliniambia bila kuinua macho. "Wa wageni. Mpe na kuku."

Nikaenda jikoni, nikapakua sahani, nikampelekea Bibi uani. Aliitazama sahani, akanitazama mimi. Alikuwa amekula saa moja tu kabla ya hapo, ugali wa mtama, na mimi ndiye niliyemletea maji ya kunawa.

"Wamesema nini?" aliuliza.

"Wamesema ule."

Aliiweka sahani chini. Kisha akanawa udongo mikononi, akaivuta sahani, akala. Alikula polepole, wote, hata punje za ukingoni. Nami, mtoto mpumbavu, nikafurahi. Nikafikiri: kumbe alikuwa na njaa kweli. Nikafikiri uongo wangu umegeuka kuwa kweli, na kwamba Mungu amenisitiri. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mtu aliyeshiba anaweza kumaliza sahani nzima ili mjukuu wake asionekane mwongo.

Kutoka mbele tulisikia tindo: ta, ta, ta. Halafu likanyamaza. Hatukusikia kelele. Tulisikia Baba akisema "Ah," taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu alichokisahau njiani, na nyundo ikianguka.

Nilipofika barazani alikuwa amekaa chini, viganja vyote viwili viko kwenye jicho la kulia. Bwana Athumani alikuwa anamwambia asilifikiche. Rukia alikuwa analia. Hapakuwa na damu nyingi. Nilidhani damu ikiwa kidogo jambo nalo ni dogo. Bwana Athumani alimpeleka hospitali kwa gari la dukani. Dresa akamwosha, akakitoa kipande kilichokuwa kidogo kuliko punje ya mtama, akamfunga bandeji. Baba alirudi jioni akitabasamu, akasema litapona. Baada ya wiki bandeji ikatolewa, na jicho lilikuwa jeupe kama ua la kigae lililokosa rangi. Halikuona tena.

Ila kabla ya hapo kuna jambo jingine, na hili ndilo linaloniunguza zaidi. Jioni ile ile Mama alirudi kutoka msibani, akayakuta yote mawili kwa pamoja, jicho la mumewe na habari ya sahani. Ya jicho alilia. Kisha akaenda uani kwa mama yake. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya mtungi.

"Mama," alimwambia kwa Kisukuma, "nimekunyima chakula lini? Umekwenda barazani mbele ya mkweo, mbele ya wageni, kuomba wali? Watu watasema nini juu yangu?"

Nilingoja Bibi aseme. Neno moja tu lingetosha. Alikuwa anachochea moto kwa kijiti, akaendelea kuchochea.

"Nimekosa, mwanangu," alisema. "Uzee."

Mama akamgeuzia mgongo.

Vigae vilivyobaki vilikaa kwenye masanduku yake kwa siku nyingi. Baba alijaribu kushona, lakini mshoni wa jicho moja hajui uzi uko karibu au mbali. Alikuwa akiichoma hewa pembeni mwa tundu la sindano. Nikawa namtungia. Kila nilipomrudishia sindano alisema, "Mungu akubariki, mwanangu. Wewe ndiye jicho langu." Alisema hivyo mara kumi kwa siku, na kila mara nilitamani anipige.

Asubuhi moja nilimkuta Bibi uani na beseni la maji. Vigae vilikuwa ndani, vikitoa mapovu madogo madogo, na uani pote kulinukia udongo uliolowa. Vilipotulia alitoa kimoja, akaweka kijiti juu yake kama rula, akavuta mstari kwa jiwe jeupe lenye ncha, la aina ile ile ambayo wachimbaji wa Geita waliisaga wakitafuta dhahabu. Alichora mbele, akageuza, akachora nyuma. Akaweka kigae juu ya kijiti, akakikandamiza kwa viganja. Kikasema "tek", kikawa viwili. Kisha akasugua ukingo kwenye jiwe la kukwaruza, na mchanga na maji, akipapasa kwa kidole gumba. Alifanya hivyo siku tatu. Hakuvunja hata kimoja, na katika vile vilivyovunjwa na Baba alitoa vipande vya kuziba mapengo.

Mama ndiye aliyevipeleka mbele. Baba alivibandika kwa kupapasa, na kila kimoja kiliingia mahali pake. Akapitisha kidole kwenye ukingo, huku na huku, kama anayekagua mshono wa mtu mwingine.

"Nani amekata hivi?"

"Mama yangu," Mama alijibu.

"Kwa kifaa gani?"

"Jiwe na maji."

Baba aliupapasa ukingo tena. Nilikuwa nimekaa karibu naye, uzi uko mdomoni mwangu, nimeulowesha tayari kuutia kwenye sindano.

"Angeniambia," alisema Baba.

Sikuweza kuendelea kukaa pale. Nikatupa sindano kwenye kikapu, nikakimbilia uani, nikamkuta Bibi ananawa. Nikamwuliza kwa ukali, kama vile kosa ni lake, "Bibi, mbona hukusema?"

Akanitazama. Hakukasirika. Laiti angekasirika.

"Nilisema," akajibu. "Nikaletewa wali."

Hakuongeza neno, wala hakumwambia mtu mwingine. Mvua zilipoanza alisema anarudi kwake kulima, na Mama, ambaye bado alikuwa na kinyongo, hakumzuia sana. Nilimsindikiza mpaka penye njia ya Tinde. Nilikuwa nimepanga kumwomba radhi pale. Maneno nilikuwa nimeyafanyia mazoezi tangu alfajiri, kwa Kisukuma safi. Lakini wakapita wasichana wa chuoni. Rukia hakuwamo, na hata angekuwamo, alikuwa amekwisha acha kunisemesha tangu siku ile ya damu. Hata hivyo nilinyamaza mpaka wakapita, na walipopita Bibi alikuwa amekwisha jitwisha kitita chake. "Wabeja," akaniambia, yaani ahsante. Alikuwa ananishukuru kwa kumsindikiza. Alifariki kabla ya mavuno ya pili.

Nilimtungia Baba sindano mpaka nilipoposwa. Siku chache kabla ya ndoa, mtoto wa kike hukaa na wazazi akaomba radhi kwa aliyoyakosa. Watu huomba radhi kwa ujumla, wakasamehewa kwa ujumla, kisha wakala. Mimi nilimwambia Baba nataka kukaa naye peke yake. Nikamweleza yote: Bibi alisema nini, mimi nikasema nini. 

Alikuwa ameshika shati la mtu lisilo na mkono. Akaliweka chini.

"Nilisikia minzi," alisema.

Sikumwelewa.

"Mtu amekaa nchi hii miaka kumi na zaidi, anawashonea watu hawa kila siku, asijue minzi ni maji? Sikuelewa yote. Ila nilijua haombi chakula. Mtu mwenye njaa hasemi maneno marefu vile, wala hataji maji akiwa na mtungi nyuma yake." Alilifuta jicho lake jeupe, ambalo lilikuwa linatoa machozi hata asipolia. "Lakini Athumani alikuwa amekaa pale, na yeye ndiye aliyenichagulia tindo. Wewe ukasema njaa. Nikaona heri mkwe wangu awe na njaa kuliko mimi niwe mwanafunzi wake mbele ya mtu. Ulinipa njia, nikaifuata."

"Lakini ulisema angekuambia."

"Mama yako alikuwa anasikiliza," alisema Baba.

Mngedhani mzigo ulipungua. Haukupungua; tulikuwa tu wawili chini yake. Tulikaa, baba na binti, tukitazama baraza ile iliyosifiwa na mji mzima, na hakuna aliyekuwa na wa kumwomba msamaha, maana mwenye kustahili alikuwa amelala Tinde. Mwishowe nikauliza, "Na Mama?"

Baba alichukua tena lile shati. "Mama yako tumwache," alisema. "Ataumia." Nami nikakubali haraka. Tulisema ni kwa ajili yake.

Mama aliishi sana. Baba alitangulia, na Mama akaja kukaa kwangu, akalea watoto wangu kwa hadithi. Miongoni mwa hadithi zake mojawapo ilikuwa ya Bibi na sahani ya wali. Uchungu wake ulikuwa umemtoka kwa miaka, ikabaki kichekesho. Alikuwa akiwaigizia mama yake anavyotokea pembeni mwa nyumba, mkono tumboni, anadai wali mbele ya wageni. Bibi hakushika tumbo. Alikuwa amenyoosha mkono wenye udongo kuelekea kwenye kigae. Lakini Mama hakuwapo, na sisi tuliokuwapo hatukuwahi kumwambia.

Mara ya mwisho aliisimulia akiwa kitandani, mwezi aliotutoka. Watoto walimzunguka. "Mama yangu huyo!" alisema, akihema. "Alinitia aibu, maskini, kwa kupenda wali." Watoto wakacheka. Akanigeukia, kama anayetaka shahidi, na kuniuliza, "Si kweli? Wewe ulikuwapo."

Nilikuwapo. Watoto wote walinitazama, wangali wanacheka, wakingoja.

"Kweli, Mama," nikasema, na nikacheka pamoja nao.